Wimbo Nao ni Somo: Jinsi Sauti na Muziki Vinavyomwandaa Mtoto wa Chekechea Kusoma na Kuhesabu

Ukipita karibu na kituo cha chekechea asubuhi, iwe ni Bamba, Gongoni, Mtwapa au Rabai, kitu cha kwanza kukufikia ni sauti. Watoto wanaimba, wanapiga makofi, wanagonga vijiti, wananyamaza ghafla, kisha wanaanza tena. Wapo wazazi wanaofurahia. Wapo pia wanaojiuliza watoto hawa watasoma saa ngapi.

Swali hilo si la kupuuzwa. Mzazi aliyeamka alfajiri, akamtayarisha mtoto na kumsindikiza hadi kituoni, anataka kuona matunda ya safari hiyo. Jioni akifungua mkoba hakuti kurasa zilizojaa maandishi, bali mtoto mwenye wimbo mpya. Jirani naye anaonyesha daftari la mwanawe lililojaa herufi na alama za vyema. Wengine hufikia hatua ya kumhamisha mtoto kwa sababu hiyo pekee.

Makala hii inaeleza kile mwalimu anachokitafuta anapowaimbisha watoto, faida zake kwa kusoma na kuhesabu, namna ya kutofautisha uimbaji unaofunza na ule wa kupitisha muda tu, na jambo moja ambalo kila mzazi wa Kilifi anapaswa kulijua: mchezo wa sauti unaweza kufichua mapema mtoto asiyesikia vizuri.

Nani anasimamia nini

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Ndiyo maana walimu wa ECDE katika vituo vya umma huajiriwa na kaunti, ilhali wale wa shule za msingi za umma huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Hata hivyo, kaunti haibuni mtaala wake yenyewe. Mtaala huandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, na ni mmoja kwa nchi nzima.

Mtaala huo wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini Januari 2019, una ngazi mbili za chekechea: PP1 kwa mtoto wa miaka 4 na PP2 kwa mtoto wa miaka 5. Kipindi kimoja huchukua dakika 30. Watoto hufanya shughuli za lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Muziki umo ndani ya shughuli za ubunifu, lakini mwalimu anaruhusiwa na kutarajiwa kuutumia katika masomo mengine yote. Kwa hivyo mwalimu anayeimba katika kipindi cha hisabati hajatoroka kazi. Yuko kazini.

Sikio hulitangulia jicho

Kabla mtoto hajaitambua herufi kwa macho, sharti aitambue sauti yake kwa masikio. Mtu mzima hulisahau jambo hili kwa sababu yeye huona neno na kulisoma papo hapo. Mtoto wa miaka 4 hajui hata kwamba neno linaweza kukatwa vipande. Kwake neno "samaki" ni samaki tu, yule anayeogelea na kuliwa. Ukimwambia kwamba ndani ya neno hilo mna vipande vitatu, unamfungulia mlango mpya kabisa.

Mafunzo haya hupanda kama ngazi. Kwanza mtoto hutofautisha sauti kubwa za dunia: jogoo, pikipiki, mvua juu ya bati. Kisha anafuata mdundo. Halafu anasikia kwamba sentensi ina maneno kadhaa, kwamba neno lina silabi, na kwamba silabi ina sauti ya mwanzo. Hapo ndipo herufi inapoingia. Mtoto anayerushwa hadi herufi bila kupanda vidato vya chini anaweza kuchora "m" safi kabisa daftarini asijue inatoa sauti gani. Daftari lake litapendeza, lakini kusoma kutamshinda.

Makofi ya silabi

Kiswahili kinampa mtoto wetu nafasi nzuri. Maneno mengi hugawanyika kwa silabi zinazosikika waziwazi, irabu ni tano tu, na neno huandikwa karibu sawa na linavyotamkwa. Makofi ni chombo cha kwanza cha kulikata neno. "Kuku" ni makofi mawili: ku-ku. "Samaki" ni matatu: sa-ma-ki. "Embe" ni mawili: e-mbe.

Hapa Pwani mwalimu ana mfano ulio juu ya kichwa chake. "Nazi" ni makofi mawili: na-zi. "Mnazi" ni matatu: m-na-zi. Mtoto anapopiga makofi anagundua kwamba kipande kimoja kidogo, m, ndicho kilicholigeuza tunda kuwa mti. Vivyo hivyo "mtu", neno linaloonekana fupi, lina makofi mawili: m-tu. Mtoto aliyeisikia ile m ikisimama peke yake haitamsumbua baadaye atakapoiona imeandikwa.

Baada ya silabi huja sauti ya mwanzo. Mwalimu anataja maneno manne, kwa mfano baba, bata, bibi na kuku, na watoto wanamtafuta mgeni asiyefanana na wenzake. Watoto wakizoea, maneno hukaribiana zaidi: faa na vaa, kula na kura, mahali na mahari. Haya ndiyo maneno ambayo wanafunzi wa madarasa ya juu bado huyachanganya katika imla. Asiyesikia tofauti kati ya l na r hawezi kuiandika tofauti hiyo, hata aadhibiwe vipi.

Utafiti unasemaje

Mwaka 1983 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, Lynette Bradley na Peter Bryant, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi yao na takriban watoto 400 waliowapima wakiwa na miaka 4 na 5, kabla hawajaanza kusoma. Kipimo kilifanana sana na mchezo wa baba, bata, bibi na kuku: mtoto asikie maneno na kumtambua mgeni. Miaka michache baadaye, watoto waliofanya vyema katika mchezo huo ndio walioelekea kusoma na kuandika vizuri zaidi.

Watafiti hao walikwenda hatua moja mbele. Walichagua watoto 65 ambao mchezo huo uliwashinda, wakawapa mafunzo kwa miaka miwili. Waliopiga hatua kubwa zaidi ni wale waliofunzwa kuzipanga sauti na wakati huohuo wakaonyeshwa herufi za plastiki zinazowakilisha sauti hizo.

Matokeo hayo yana funzo kwa pande zote mbili. Mzazi anayedharau michezo ya sauti anakosea, kwa kuwa ndiyo msingi. Mwalimu anayeishia kwenye wimbo bila kuufikisha kwenye herufi naye ameiacha kazi katikati. Baada ya wimbo wa maneno yanayoanza na m, watoto wanapaswa kuiona m, kuifuatisha kwa kidole mchangani na kuitafuta kwenye kadi.

Jina la herufi si sauti yake

Nyumba nyingi zina wimbo wa alfabeti ya Kiingereza, na mtoto anayeuimba wote husifiwa kwamba anajua kusoma. Ukweli ni kwamba anajua wimbo. Wimbo ule hufundisha majina ya herufi. Ukimwekea mbele m na a, atasema "em, ei", na majina hayo mawili hayaungani kuwa "ma". Katika chekechea mwalimu hufunza sauti: midomo inafungwa, m inavuma, kisha mdomo unafunguka kwa a, na "ma" inajitokeza yenyewe. Ukimsikia mwanao akivuma mmmm kama nyuki, usimkataze. Anasoma.

Kuhesabu kwa mdundo

Watoto wengi huimba moja hadi kumi kabla ya kujua maana ya namba hizo. Mpe mtoto kama huyo vifuniko saba vya chupa avihesabu na utaona tatizo. Anaimba haraka kuliko kidole chake, au anakiruka kifuniko kimoja. Kosa jingine hutokea kwa sababu ya silabi zenyewe: anasema "sa" akigusa kifuniko kimoja na "ba" akigusa kingine. Namba moja imekula vifuniko viwili.

Kwa hiyo mwalimu makini hutenganisha michezo miwili. Katika shughuli za lugha, kila silabi ina kofi lake. Katika hisabati, kila namba ina kofi moja tu, hata kama namba hiyo ni "kumi na moja" yenye silabi tano. Watoto husimama kwenye duara, kila mmoja anasema namba yake na kupiga ngoma mara moja, kisha zamu inahamia kwa jirani. Polepole mtoto anaelewa kwamba kitu kimoja hupewa namba moja, na namba ya mwisho ndiyo idadi ya vitu vyote.

Mdundo hufunza pia mpangilio. Kofi, kofi, goti; kofi, kofi, goti. Mwalimu anapokatiza na kuuliza kinachofuata, mtoto anayejibu "goti" ametambua utaratibu na kutabiri hatua inayofuata. Hiyo ni hisabati halisi.

Lipo jambo moja la msamiati linalofaa kuangaliwa. Tukisema "sauti ya juu" tunaweza kumaanisha mambo mawili: sauti inayosikika mbali au sauti nyembamba. Mtoto huchanganyikiwa. Ni rahisi zaidi kusema sauti kubwa na ndogo kwa nguvu yake, na sauti nyembamba na nzito kwa aina yake. Kifaranga ana sauti nyembamba. Ng'ombe ana nzito. Kifaranga anaweza kulia kwa sauti kubwa na bado ikawa nyembamba.

Ngoma inaponyamaza

Kati ya michezo yote, huu ndio unaoonekana kuwa mzaha zaidi. Ngoma inalia, watoto wanacheza. Ngoma inanyamaza, kila mtoto anaganda alivyo. Anayesogea hacheki mtu, anajaribu tena.

Mtoto hapa anajifunza kuuzuia mwili wake. Ana hamu ya kuendelea kuruka, lakini sikio limemwambia simama. Uwezo huohuo ndio atakaouhitaji kusubiri zamu, kusikiliza swali hadi mwisho na kukaa na kazi moja mpaka iishe. Mtoto asiyeweza kujizuia hufika Gredi ya Kwanza akiitwa mtundu, na muda wake mwingi huishia kukemewa.

Michezo ya duara, kama ule wa ukuti unaojulikana mno hapa Pwani, hufunza pia kusikilizana. Washiriki hushikana mikono, huyumba pamoja na kuanguka pamoja. Mmoja akivuta upande wake, mchezo unaharibika. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2010 na Sebastian Kirschner na Michael Tomasello uligundua kwamba watoto wa miaka 4 walioimba na kupiga ala pamoja walisaidiana zaidi baadaye kuliko wenzao waliocheza mchezo uleule bila muziki.

Mwili nao hunufaika. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa miaka 3 na 4 apate angalau dakika 180 za kutumia mwili kila siku, 60 kati ya hizo zikiwa za kumtoa jasho kidogo. Kuketi kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa sita hakumfikishi huko.

Lugha ya nyumbani na ngoma za kwetu

Sera ya lugha nchini inamtaka mwalimu wa chekechea atumie lugha inayozungumzwa katika eneo la kituo. Mjini Malindi au Mtwapa, ambako watu wa asili mbalimbali wamechanganyika, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Vijijini Ganze, Magarini au Kaloleni inaweza kuwa Kigiriama au lugha nyingine ya Wamijikenda.

Baadhi ya wazazi huhofia kwamba lugha ya nyumbani itamchelewesha mtoto. Kwa upande wa sauti, mambo ni kinyume. Mtoto husikia tofauti ndogo kwa urahisi zaidi katika lugha aliyokua nayo, kisha huhamisha ujuzi huo. Chukua namba 5. Nyumbani mtoto anasema "tsano", darasani anasikia "tano". Mwalimu anayeyaweka maneno hayo mawili kando kwa kando na kuuliza sauti gani imebadilika amefunza lugha mbili kwa wakati mmoja, tena bila kuidharau ile ya nyumbani.

Hazina ya muziki haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Kayamba, ile bapa ya matete yenye mbegu ndani, inamfaa mtoto kwa sababu haihitaji nguvu, inahitaji mpigo sawasawa. Ngoma ndogo na kubwa zikiwekwa pamoja zinafunza nyembamba na nzito bila maelezo mengi. Filimbi ya chivoti, inayopulizwa na wazee wa Kidigo na Kigiriama, inatosha kuwanyamazisha watoto thelathini wasikilize. Wazee wanaozijua ala hizi wako vijijini mwetu. Mwalimu anaweza kumwalika mmoja wao kwa nusu saa, kwa utaratibu wa kituo na mbele ya mwalimu.

Hadithi za nyanya na babu nazo zina muziki ndani yake. Hadithi nyingi za kimila zina kiitikio ambacho msimuliaji hukirudia na wasikilizaji kukiitikia. Mtoto anayesubiri zamu ya kuitikia anafuatilia kisa chote kwa makini. Vitendawili humfanya alichunguze neno.

Ala zisizogharimu

Kituo kisicho na bajeti ya ala bado kinaweza kuwa na bendi. Vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa hutoa mlio safi. Vijiti viwili vilivyolainishwa, mkebe, sufuria kuukuu na chupa ya plastiki yenye mchanga vinatosha kuanza. Mwalimu anaweza kuonyesha maajabu kwa chupa tatu za soda zenye maji ya viwango tofauti: akizigonga, yenye maji mengi hutoa mlio mzito zaidi, akizipuliza mdomoni, yenye maji mengi hutoa mlio mwembamba zaidi. Chupa za kioo azishike mwenyewe.

Usalama unahitaji mambo manne:

Kwanza, chupa yenye mchanga, mbegu au kokoto ifungwe kwa gundi au utepe imara. Maharagwe na punje za mahindi yakitoka yanaweza kumkaba mtoto au kuingizwa puani na masikioni.

Pili, mikebe yenye kingo kali isitumike.

Tatu, chombo chochote kilichowahi kuwekwa dawa ya mimea, mafuta ya taa au kemikali nyingine kisitumike kamwe, hata kama kimeoshwa.

Nne, spika isiwekwe karibu na watoto. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili aliye hatua moja kutoka kwako akusikie, muziki umezidi.

Mtoto asiyeitika

Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika makala hii. Mtoto mwenye tatizo la kusikia anaweza kukaa nyumbani kwa miaka bila yeyote kugundua. Hujifunza kusoma nyuso na kuwaiga wenzake. Watu hudhani ni mkaidi, mwenye haya au mzito wa kuelewa. Hufika shule ya msingi, anashindwa kusoma, na jina baya linamganda.

Michezo ya sauti huondoa pazia hilo. Mwalimu akisimama nyuma ya watoto na kugonga kifuu polepole, anawaona wanaogeuka na asiyegeuka. Katika mchezo wa ngoma, anamwona yule anayeganda baada ya kuwatazama wenzake. Hiki si kipimo cha daktari, bali ni ishara ya kufuatilia.

Mzazi, angalia iwapo mtoto wako:

- haitiki akiwa amekupa mgongo, lakini huitika akiona uso wako;
- hukaribia mno redio au huongeza sauti yake;
- maneno yake hayaeleweki ilhali wenzake wa umri wake wanazungumza vizuri;
- hulalamika kuumwa na sikio au hutokwa na usaha sikioni;
- hutazama wengine kwanza kabla ya kufuata maagizo.

Ukiona dalili hizi, mpeleke katika zahanati au kituo cha afya. Usimtie mafuta, maji ya majani wala kijiti sikioni. Sikio linalotoa usaha linatibika, na likipuuzwa linaweza kumpotezea mtoto uwezo wa kusikia. WHO linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya matatizo ya kusikia kwa watoto yanatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Chanjo ni mojawapo ya kinga: ile ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Usiiruke ile ya pili.

Ikiwa tatizo litathibitishwa, mtoto hukaguliwa mahitaji yake ya masomo katika kituo cha EARC, yaani kituo cha tathmini na rasilimali za elimu. Mwalimu wa ECDE au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo inaweza kukuelekeza. Mtoto kiziwi hapaswi kutengwa wakati wa muziki. Anaweza kuishika ngoma kwa viganja na kuhisi mtetemo wake, kufuata mdundo kwa macho, na kujifunza wimbo kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba imeitaka serikali iikuze.

Redio na simu hazitoshi

Wapo wazazi wanaoamini kwamba kumchezea mtoto muziki kunamwongezea akili. Imani hiyo ilishika kasi baada ya mwaka 1993, watafiti wa Marekani waliporipoti kwamba watu waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 walifanya vyema zaidi katika jaribio la maumbo. Habari zilienea hadi mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, akapendekeza dola 105,000 zitengwe ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi ya muziki. Lakini waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto, na faida yenyewe ilitoweka baada ya takriban robo saa.

Kinachomjenga mtoto ni kushiriki: kuimba, kugonga, kusubiri, kukosea na kurudia pamoja na mtu anayemjibu. Video ya nyimbo kwenye simu haimsikii mtoto, wala haijui kwamba amekosea. WHO linashauri mtoto wa miaka 3 na 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi.

Dakika kumi nyumbani

Huhitaji kujua kuimba vizuri. Mtoto wako hatakupa alama. Chagua moja kati ya haya kila siku, mkiwa njiani kwenda kituoni, mkichota maji au mkisubiri chakula kiive:

1. Mfunge macho na mnyamaze pamoja kwa muda mfupi, kisha kila mmoja ataje sauti tatu alizozisikia.
2. Mpige makofi ya silabi za majina ya watu wa nyumbani. Nani ana jina la makofi mengi?
3. Taja sauti, kwa mfano k, na mtoto atafute vitu vitatu jikoni vinavyoanza nayo: kijiko, kikombe, kuni.
4. Mhesabu viazi, vifuu au ngazi, mguso mmoja kwa namba moja. Akiharakisha, mwanze upya bila kumkaripia.
5. Mtungie wimbo mfupi wenye jina lake kamili, jina la mzazi na kijiji. Mtoto aliyepotea sokoni au kwenye mkutano akiweza kutaja hayo matatu, kumrudisha ni rahisi.

Kazi hii si ya mama peke yake. Baba, kaka na nyanya wana masikio na viganja vilevile.

Mambo ya kuuliza kituoni

Si kila uimbaji ni mafunzo. Wimbo uleule unaorudiwa mara tatu kwa siku huku mwalimu akiwa na shughuli nyingine ni kupitisha muda, na mzazi ana haki ya kuuliza. Muulize mwalimu wimbo wa wiki hii unafunza sauti au namba gani. Tazama kama kila mtoto anapata zamu, pamoja na wale wakimya wa pembeni. Tazama kama baada ya wimbo watoto hushika kitu: kadi ya herufi, vifuniko vya kuhesabu, kijiti cha kuandikia mchangani. Angalia kama kuna muda wa kunyamaza na kusikiliza, maana darasa la kelele tupu halifunzi sikio.

Ukiwa na pendekezo au lalamiko, anza na mwalimu, kisha kamati ya wazazi ya kituo. Usiporidhika, nenda kwa afisa wa ECDE wa eneo lako au ofisi ya msimamizi wa wadi.

Na mtoto akirudi leo na wimbo badala ya daftari lililojaa, mwambie akuimbie, halafu mpige makofi ya silabi zake pamoja. Mkifika mwisho utakuwa umejua alichofunzwa, na pia kama anasikia vizuri.